Mapigo Ishirini na Tano

Alikosa cheti cha chuo. Alikosa nywele, isipokuwa pindo jembamba lililomzunguka kichwa kutoka sikio hadi sikio kama la kofia. Alikosa kiti chenye mgongo, maana cha kwake kilivunjika mwaka ambao maabara ilipakwa rangi, na seremala akaahidi kurudi. Alikosa meno mawili ya upande wa kushoto, kwa hiyo alicheka kwa upande wa kulia tu. Alikosa gari, alikosa shamba, na alikosa kabisa subira ya kumsikiliza mtu anayeanza sentensi kwa neno "kimsingi".

Kitu kimoja hakuwahi kukosa, na hicho alikitaja hata kabla hajaulizwa. Hakuwahi kukosea hesabu.

Alikuwa fundi wa maabara ya vifaa vya ujenzi, katika jengo refu la ghorofa moja nyuma ya karakana za Idara ya Barabara. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vipande vya zege na kuvivunja. Mtu asiyejua angesema hiyo ni kazi ya mwendawazimu, leo unajenga, mwezi ujao unabomoa. Lakini kila daraja na kila barabara ya jiji lile ilianzia mezani pake. Zege bichi humiminwa kwenye kalibu ya chuma, sanduku dogo linaloweza kubebwa kwa mikono miwili, kwa tabaka tatu. Kila tabaka hushindiliwa kwa fimbo ya chuma mara ishirini na tano. Si ishirini na nne, si ishirini na sita. Kwa nini ishirini na tano, hakujua, na hakutaka kujua. Hata aliyeweka siku saba kwenye wiki hakuacha maelezo.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amepiga ishirini na tano. Basi watu wakamwita hivyo hivyo, Mzee Ishirini na Tano. Simu ikilia ofisini, mtu wa upande wa pili husema, "Nipe Ishirini na Tano," na wote wanaelewa. Jina lake la kwenye kitambulisho lilibaki kwa ajili ya hospitali na uchaguzi.

Mwaka huo aliletwa injinia mpya wa utafiti, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye viatu vya kazini vinavyomtangulia hatua moja. Alikuwa na kigugumizi kidogo akifurahi, na mwezi wa kwanza hakuwa na kigugumizi hata siku moja. Utafiti wake ulihusu miti kumi na mmoja.

Miti hiyo ilisimama mstari mmoja kando ya stendi kuu ya mabasi, na ndiyo ilikuwa kivuli pekee katika sehemu yote ile ya jiji. Zamani mtu fulani alimwaga zege zito kuzunguka mashina yake, akaifunga kama mtoto aliyefungwa shuka shingoni kwa kinyozi. Mvua ikinyesha, maji hayakuweza kushuka kwenye mizizi. Yaliteleza mpaka barabara ya mabasi na kuchimba mashimo. Nayo mizizi, kwa kiu, ilipanda juu kuyatafuta, ikainua njia ya waenda kwa miguu, na kila wiki mtu mmoja alijikwaa na kuanguka na mizigo yake. Halmashauri ya jiji ilikuwa na dawa rahisi. Ikate miti, imwage lami, yaishe.

Injinia akasema ipo dawa nyingine. Kuna zege linalopitisha maji. Likitengenezwa vizuri lina vitundu kama mkate ulioumuka. Maji yanapita, mizizi inakunywa ikiwa imelala chini, na barabara ya mabasi inabaki kavu. Tatizo ni kulipata kwa kokoto na saruji iliyopo pale. Alijaribu michanganyiko kumi na mitatu. Mingine ilipitisha maji lakini ilimeng'enyeka ukiishika. Mingine ilikuwa migumu kama moyo wa mwenye nyumba, na tone halikupita.

Mchanganyiko wa kumi na nne ulipita mtihani. Vipande vyake sita vilimwagiwa maji yakapotea kama pesa ya mshahara, kisha vikawekwa kwenye mashine ya kuvunjia vikavumilia mzigo mkubwa kuliko uliohitajika. Injinia alishikwa na kigugumizi mpaka mchana. Akaandika taarifa, Halmashauri ikaisoma, na kamati yake ikakubali kusimamisha shoka kwa sharti moja: mkaguzi wao ashuhudie mchanganyiko huo ukitengenezwa upya.

Mkaguzi wa jiji alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kalamu tatu mfukoni na maneno machache. Alisimama na kutazama. Mzee Ishirini na Tano alivaa koti jeupe lililopigwa pasi na mkewe, akapima kila kitu kama daftari lilivyosema, akamimina, akapiga. Alihesabu kwa sauti ili kumfurahisha mgeni. Kila tabaka ishirini na tano, tabaka tatu, kalibu sita. Mkono haukutetereka.

Baada ya siku saba mkaguzi alirudi, akachukua kipande cha kwanza, akamimina maji kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Maji yakakaa juu. Akatazama saa.

"Tunasubiri nini?" Injinia aliuliza baada ya kitambo.

"Maji," alisema mkaguzi. "Yanaonekana hayana safari."

Vipande vyote sita vikawa vile vile. Kwa chini saruji ilikuwa imejikusanya na kuziba vitundu vyote, kama uji uliotulia chini ya sufuria. Mkaguzi akafunga chupa yake. Alisema ataandika barua, na barua ikaja kesho yake. Matokeo ya kwanza na ya pili hayalingani, ilisema, ingawa daftari linaonyesha utaratibu uleule. Kamati inakutana baada ya majuma matatu. Ikiwa hadi siku hiyo haitapata kwa maandishi sababu ya tofauti hiyo, itayahesabu matokeo ya kwanza kuwa si ya kuaminika, na miti itakatwa.

"Si ya kuaminika" ni maneno mapole. Maana yake ni kwamba Injinia amedanganya.

Injinia hakulia. Alianza kupima. Alipima saruji gunia kwa gunia. Alichekecha kokoto upya. Alipeleka maji ya bomba kwa watu wa maji wakayarudisha wakisema ni maji. Alipima mizani kwa mizani nyingine, na ile nyingine kwa ya tatu. Alirudia mchanganyiko wa kumi na nne mara tatu zaidi, na mara zote tatu Mzee alimpigia ishirini na tano zake bila kasoro, na mara zote tatu wakapata bakuli, maji yakakaa juu.

"Mzee wangu," alisema siku moja akiwa ameketi sakafuni katikati ya ndoo, "kuna kitu siku ile kilikuwa tofauti. Sijui ni kitu gani."

"Mwanangu, vifaa ni kama watu," Mzee alimjibu. "Siku nyingine vinaamka vibaya."

Alisema hivyo kwa huruma ya kweli. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa kama mtu anayesaidia kutafuta mbuzi aliyepotea huku mbuzi yuko kwake, na yeye mwenyewe hajui.

Aliyejua alikuwa mpika chai. Mama huyu alikuwa na jiko lake dogo mwisho wa kibaraza, sinia moja, na ulimi usiofungwa kwa kufuli. Zaidi ya hayo alikuwa mdogo wa mke wa Mzee, na kwa shemeji mtu hana pa kujificha.

"Shemeji," alisema akimimina chai, "nyinyi wasomi mmepima kila kitu humu ndani. Juzi nimeona mnapima hata ndoo."

"Ndoo ilikuwa na ufa."

"Na wewe je?"

"Mimi sina ufa."

"Umepimwa lini?"

Mzee akacheka kwa upande wake wa kulia. "Mimi ndiye kipimo, shemeji. Kipimo hakipimwi."

"Haya. Lakini unakumbuka siku wale wanafunzi wa ufundi walipokuja kutembea? Niliambiwa nilete vikombe kumi na tisa, pamoja na chako. Nikaja nikakukuta unashindilia zege huku unawahutubia. Nilisimama na sinia mpaka mkono ukafa ganzi, maana nilijua nikikukatiza utanitukana."

"Sijawahi kukutukana."

"Ulipiga mara tatu, ukainua fimbo ukaonyesha dari. Ukapiga mara mbili, ukawaambia tangu uajiriwe hujapoteza hesabu hata siku moja, mvua, jua, msiba, harusi. Ukapiga tena kidogo. Ukamwuliza yule kijana mwenye miwani kama anaweza kuhesabu mpaka ishirini na tano bila kupotea. Wakacheka. Na wewe ukacheka. Kisha ukamimina tabaka jingine."

"Nilikuwa nahesabu moyoni."

"Moyoni ulikuwa unahesabu, mdomoni unajisifu, na mkononi hakukuwa na mtu."

Mzee aliweka kikombe chini. "Kama uliona, kwa nini hukusema siku ileile?"

"Ningesema nini? Sikujua kama zege linajali. Nilidhani ni mila yenu tu, kama kupiga kengele."

Alitaka kumjibu jibu la kumkomesha, na kwa kawaida majibu ya namna hiyo alikuwa nayo ya akiba. Siku hiyo akiba ilikuwa imekwisha. Akaondoka, chai ikabaki nusu, jambo ambalo shemeji yake alilitazama kwa mshangao mkubwa kuliko kama angemtukana.

Akafungua daftari. Mchanganyiko wa kumi na nne. Kokoto, saruji, mchanga kidogo, maji. Mapigo kwa tabaka: 25. Mwandiko wake mwenyewe, wino uleule, namba imekaa wima kama askari. Ukurasa wa chini palikuwa na saa na tarehe, na pembeni, kwa kalamu ya risasi: "Wageni 18." Ni wale wanafunzi. Ilikuwa siku ileile.

Akafumba macho akajaribu kukumbuka. Hotuba aliikumbuka neno kwa neno. Alikumbuka kijana mwenye miwani. Alikumbuka kicheko, na jinsi kilivyompendeza. Lakini kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa ya siku ile hakuikumbuka hata moja. Alikuwa ameandika 25 kwa sababu ndiyo namba iliyoandikwa hapo siku zote, kama mtu anayejibu "salama" kabla hajasikia salamu.

Nyumbani jioni hiyo alikula huku mkewe akimtazama.

"Kuna fundi mmoja," alianza Mzee, "wa kule upande wa lami. Inasemekana aliandika kitu asichofanya. Si kwa ubaya. Kwa kujisahau tu. Sasa akisema, atachekwa mpaka kaburini. Asiposema, mtu mwingine ataharibikiwa. Nikawa najiuliza, mtu kama huyo utamshauri nini?"

Mkewe alisogeza sahani. "Huyo fundi ana upara?"

"Upara unahusu nini?"

"Na ana mdogo wa mke anayepika chai ofisini, ambaye jana alipita hapa kuniletea sukari?"

Mzee akatazama ukutani.

"Mume wangu," alisema mkewe, "nimekaa na hesabu zako miaka mingi. Unahesabu vijiko, unahesabu ngazi, umewahi kuhesabu vifungo vya gauni langu tukiwa tumechelewa harusi ya watu. Sijawahi kukwambia, lakini ukianza kuongea huwa unaruka. Kijiko cha sukari ukikiweka huku unasimulia, chai inakuwa shira. Nimekunywa shira kwa ajili ya amani."

"Hukusema."

"Ulikuwa unaifurahia hadithi."

Hakulala vizuri, lakini alipoamka alikuwa na wazo, tena wazo la kisayansi. Maneno ya wanawake wawili si ushahidi. Kama mkono ulipiga pungufu, zege litasema. Siku ya Jumamosi asubuhi, maabara ikiwa tupu, alikwenda akapima mchanganyiko wa kumi na nne kama ulivyo na kupanga kalibu saba mezani. Moja angeipiga ishirini na tano kila tabaka. Nyingine ishirini, nyingine kumi na tano, kisha kumi na mbili, kumi, nane na tano.

Ya kwanza ilikwenda kama maji. Ya pili ndiyo iliyomtesa. Alipofika ishirini mkono uliendelea wenyewe, akaukamata kwa mkono mwingine, akauambia kwa sauti, "Basi." Ikabidi ile kalibu aimwage aanze upya. Kwa kumi alihisi aibu kama mtu aliyetoka nje na kiatu kimoja. Kwa tano alitazama mlango kwanza.

Akavifunika vipande kwa magunia mabichi kwenye pembe ya chumba, akaandika juu ya kila kimoja herufi, si namba. Akimwona Injinia anapita karibu, alisimama mbele ya magunia na kuzungumzia hali ya hewa. Shemeji yake alikuwa akimwona tu na kutabasamu. Siku ya tatu alimletea chai akaiweka mezani.

"Vijiko viwili," alisema. "Nimevihesabu nikiwa nimefunga mdomo."

Siku saba zikatimia. Alimwaga maji. Kipande cha ishirini na tano kilikuwa bakuli. Cha ishirini, bakuli. Cha kumi na tano kilifikiri sana kisha kikakubali kidogo. Cha kumi na mbili kilipitisha kwa uvivu. Cha kumi kiliyameza maji yote kwa mkupuo, na chini ya meza kukawa na kidimbwi. Cha nane vilevile. Cha tano nacho kiliyameza, lakini kilipowekwa kwenye mashine kilisagika kama biskuti. Cha nane kiliifikia alama iliyohitajika. Cha kumi kikasimama imara, mshale ukapanda, ukapita alama iliyohitajika, ukaendelea, na kilipovunjika kilivunjika kwa heshima.

Mzee alibaki ameshika kipande kilichovunjika. Sayansi ilikuwa imejibu, na jibu lake lilikuwa na sauti ya shemeji.

Hapo shetani naye akaja, kwa njia ya akili. Kwa nini useme ulikosea? alimnong'oneza. Mwambie tu Injinia, "Mwanangu, nimefikiri, tujaribu kumi." Watasema ni ugunduzi. Watasema Mzee ana kipaji. Lakini barua ya mkaguzi ilikuwa imebandikwa ukutani, na Mzee alijua kusoma. Kamati haikuuliza namna ya kupata zege jipya. Iliuliza kwa nini la kwanza lilipita. Angekuja na kumi yake kama kipaji, na bado daftari lingesema 25, na bado Injinia angekuwa mwongo. Na kamati haimpi mwongo nafasi ya pili, hata akija na almasi.

Akaenda kumwita. Alimsimamisha mbele ya meza, akamwaga maji mbele ya macho yake, kipande baada ya kipande, akimwonyesha kwenye karatasi mapigo ya kila kimoja. Kwa nusu iliyobaki ya cha kumi Injinia alipiga magoti kutazama kidimbwi.

"Ku-ku-kumi?" alisema. "Mapigo ku-kumi?"

"Kumi au nane."

"Kwa hiyo tukizidisha, saruji inashuka chini inaziba. Mzee! Tatizo halikuwa kwenye vifaa. Lakini sasa ule wa kwanza ulipitaje? Ule uliupiga..." Akamtazama. Kigugumizi kikatoweka.

"Siku ile kulikuwa na wanafunzi," alisema Mzee. "Nilikuwa nawaeleza kwamba sijawahi kupoteza hesabu."

Injinia alibana midomo, akatazama dirishani, akatazama viatu vyake, na mabega yakaanza kumtikisika. Mzee alifikiri analia. Alipogundua anacheka, naye cheko lilimtoka, kwanza kwa upande wa kulia, kisha pande zote mbili, mapengo na yote.

Walipotulia Injinia alivuta kiti. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa na uso wa mtu aliyelala. "Sikiliza, Mzee wangu. Miezi minne ijayo unastaafu. Hakuna haja ya jiji zima kujua. Nitaandika kwamba kulikuwa na hitilafu ya kifaa. Maneno hayo yanatosha, yanatumika kila siku, na si uongo mkubwa."

"Kifaa gani?"

"Tuseme fimbo."

Mzee aliichukua fimbo kutoka kwenye msumari wake. Ilikuwa imenyooka, mwisho wake mviringo uking'aa kwa kutumika. "Hii imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Ni namna ya kusema tu."

"Basi tusiisingizie. Mimi nina mdomo wa kujitetea, tena mkubwa, ndio uliotufikisha hapa. Hii haina." Akairudisha msumarini. "Na kitu kingine. Tukisema ni fimbo, watanunua fimbo mpya, watapiga ishirini na tano, na watapata bakuli. Mtu atakayejenga njia ile pale stendi lazima ajue ni kumi. Na ajue tumejuaje."

"Watakucheka."

"Wameshaanza. Una habari mpika chai ni shemeji yangu?"

Akafungua daftari. Sheria ya maabara ni kwamba kosa halifutwi. Linapigwa mstari mmoja ili lisomeke, na pembeni mwandishi anaweka sahihi. Katika miaka yote ile alikuwa amewafundisha vijana wengi sheria hiyo, lakini mkono wake haukuwahi kuitumia, hivyo alipiga mstari kwa kutumia rula, polepole, kana kwamba anakata kidole. Juu yake akaandika: "Mapigo hayakuhesabiwa. Mpigaji alikuwa akiongea."

Barua aliiandika mwenyewe. Injinia alimpa kompyuta akaikataa, akasema jambo la mkono liandikwe kwa mkono. Alichana karatasi nne. Ya kwanza ilikuwa ndefu mno na ilianza tangu siku alipoajiriwa. Ya pili ilimtaja kijana mwenye miwani kana kwamba kosa lilikuwa lake. Ya tatu shemeji yake, aliyekuwa amekuja kuchukua vikombe na hakuondoka, aliisoma juu ya bega lake.

"Hapa umeandika 'kwa bahati mbaya'," alisema. "Bahati gani mbaya? Umeokoa miti kumi na mmoja kwa kuropoka. Wengine tunaropoka bure."

"Shemeji, vikombe."

"Nimeshavichukua. Nasubiri mwisho."

Ya nne iliharibiwa na wino. Ya tano aliimaliza, akampa Injinia aisome.

Barua ilieleza kwa mistari michache kwamba vipande vya mchanganyiko wa kumi na nne vilishindiliwa pungufu kwa kosa la fundi, aliyekuwa akizungumza na wageni. Kwamba fundi huyo aliandika ishirini na tano kwa mazoea, si kwa kuhesabu. Kwamba Injinia hakujua na hakuwa na njia ya kujua. Kwamba jaribio la vipande saba, lililoambatanishwa, linaonyesha mapigo nane hadi kumi ndiyo yanayofaa, na zaidi ya hapo maji hayapiti vizuri. Ilimkaribisha mkaguzi aje ahesabu mwenyewe, siku yoyote, kwa sauti. Mwisho ilisema: "Hili ni kosa langu la kwanza katika miaka thelathini na mmoja."

Injinia aliweka kidole kwenye sentensi ya mwisho. "Mzee, hili tuna uhakika nalo?"

Mzee alifikiria. Akafikiria vijiko vya sukari. Akafikiria wageni wote waliowahi kupita mbele ya meza ile, mawaziri, wanafunzi, wajumbe, na hotuba aliyokuwa akiwapa kila mmoja, na madaraja.

"Madaraja yote yamesimama," alisema.

"Sijauliza madaraja."

Akachukua kalamu, akachomeka neno kwa mshale mdogo kutoka chini, mpaka sentensi ikasomeka: "Hili ni kosa langu la kwanza kujulikana katika miaka thelathini na mmoja." Akaitazama. Ilimuuma, lakini ilimuuma mahali safi.

"Sasa ni ya kweli," alisema Injinia.

Bahasha za ofisi zilikuwa za zamani na gundi yake ilikuwa imekufa. Shemeji alipendekeza unga na maji ya moto. Mzee akakataa, akachukua ile gundi ya kubandikia lebo kwenye vipande, inayostahimili kulowa mwezi mzima, akapaka ukingo wote wa bahasha na nusu ya kidole gumba. Akakunja, akabonyeza, kisha kwa usalama akaweka kipande cha zege juu yake, na wote watatu wakasimama wakiitazama ikikauka kana kwamba inaweza kubadili nia.

"Inatosha," alisema hatimaye, akakibandua kidole chake kwanza, bahasha baadaye. Akaandika juu yake kwa herufi kubwa: Kwa Katibu wa Kamati, mkononi.

Tarishi alikuwa ameshavaa kofia ngumu, tayari kwenda. Alisaini kitabu cha barua, akaipima bahasha kiganjani.

"Ya leo, Mzee?"

"Ya sasa hivi. Usipitie popote."

"Ina nini?"

"Ina mapigo kumi."

Tarishi hakuelewa, na hakuuliza zaidi, maana watu wa maabara aliwazoea. Akaiingiza bahasha ndani ya mkoba wa ngozi, akafunga kifungo. Pikipiki ikawaka, ikazimika, ikawaka tena, ikatoka getini, na ilipofika barabara ya mabasi ikakata kulia, kuelekea Halmashauri.